Kadi za Anatomia: Kutengeneza au Kuazima?

Kila mwaka mpya wa masomo ya udaktari unapofunguliwa, faili moja huanza kutembea kutoka flashi hadi flashi na kutoka simu hadi simu. Ndani yake mna maelfu ya kadi za kujipima za anatomia, swali upande mmoja na jibu upande wa pili, zilizotengenezwa na watu ambao mpokeaji hatawaona kamwe. Faili hilo huja na ushauri usiopatana. Aliye mwaka wa tatu humwambia mdogo wake: kazi imeshafanywa, wewe bonyeza tu. Mwenzake wa mwaka huohuo husema: kadi usiyoiandika mwenyewe ni desa jingine tu, ila hili liko kwenye simu. Mhadhiri naye hataki kusikia habari ya kadi. Kwake anatomia iko juu ya meza ya maiti, na anayeitafuta kwenye kioo cha simu atakutana nayo kwenye sapu, yaani mtihani wa marudio.

Kila mmoja wao ana hoja, na ndiyo maana anayeanza huchanganyikiwa. Swali la "nitengeneze au niazime?" linachukulia kwamba kadi zote hufanya kazi moja, na hapo ndipo kosa linapoanzia. Uchambuzi huu unaeleza kadi zilikotoka, unazipa nafasi pande zinazobishana, kisha unazipima kwa vitu viwili ambavyo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huwa navyo kwa uchache: muda na uelewa.

Mzigo wenyewe

Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Neva zinazotoka moja kwa moja kwenye ubongo ni jozi 12. Kwenye kitako cha kiganja peke yake mna mifupa midogo 8, kila mmoja na jina lake. Kila msuli huulizwa mambo manne: unaanzia wapi, unaishia wapi, unaamriwa na neva ipi, na unafanya kazi gani. Anayesoma mkono kuanzia bega hadi ncha za vidole hujikuta na mamia ya majibu mafupi, na mengi hayana njia ya mkato. Mwanafunzi wa fizikia akisahau jibu anaweza kulikokotoa upya. Jina la mfupa halikokotolewi.

Afrika Mashariki mzigo huo una matabaka ya ziada. Vyuo vya udaktari, kuanzia Muhimbili hadi Nairobi, hufundisha kwa Kiingereza. Majina yenyewe yana asili ya Kilatini na Kigiriki. Na mgonjwa atakayeketi mbele ya daktari huyo miaka michache baadaye ataeleza maumivu yake kwa Kiswahili. Tabaka hili la tatu husahaulika kila mara mjadala wa kadi unapoanza, ilhali tutaona kwamba lina uzito mkubwa katika kuamua.

Kadi zilikotoka

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikariri silabi zisizo na maana, kisha akapima amesahau kiasi gani baada ya saa, siku na wiki. Aligundua kwamba kusahau huenda kasi sana mwanzoni, halafu hupunguza mwendo. Aligundua pia kwamba kurudia kwa vipindi vilivyoachana kunafaa kuliko kurudia mfululizo kwa mkao mmoja.

Mwaka 1972 Sebastian Leitner alieneza njia ya kutumia ugunduzi huo kwa kadi za karatasi na sanduku lenye vyumba. Kadi uliyoipata husogea chumba cha mbele na kurudiwa baada ya muda mrefu zaidi. Uliyoikosa hurudi chumba cha kwanza. Mwaka 1987 Piotr Woźniak wa Poland aliikabidhi kompyuta kazi ya sanduku kupitia programu yake ya SuperMemo. Kanuni yake ya wakati huo ilikuwa nyepesi: kadi huonekana baada ya siku 1, kisha siku 6, kisha kila muda unaofuata huzidishwa kwa takriban 2.5. Kwa hiyo kadi unayoipata kila mara hurudi baada ya siku 15, halafu 38, na kuendelea hivyo. Mwaka 2006 Damien Elmes alitoa Anki, programu iliyojengwa juu ya kanuni hiyohiyo, na hiyo ndiyo iliyotawala vyumba vya wanafunzi wa udaktari. Kwenye kompyuta ni ya bure, kwenye simu za Android ni ya bure, kwenye iPhone hununuliwa. Ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti.

Kuna ushahidi mmoja wa kadi ambao msomaji wa Kiswahili atautazama kwa jicho lake mwenyewe. Mwaka 2008 Jeffrey Karpicke na Henry Roediger walichapisha jaribio ambalo wanafunzi wa chuo nchini Marekani walikariri jozi 40 za maneno ya Kiswahili na maana zake kwa Kiingereza. "Mashua" lilikuwa mojawapo. Waliochaguliwa kuendelea kujiuliza hata baada ya kulipata neno walikumbuka takriban asilimia 80 baada ya wiki moja. Walioacha kujiuliza walikumbuka takriban theluthi moja, hata wale walioendelea kuyasoma maneno yaleyale. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba makundi yote yalikuwa yametabiri kukumbuka karibu nusu. Hakuna kundi lililojua limejifunza kiasi gani. Kusoma tena humpa mtu hisia ya kujua. Kujiuliza humwonyesha anachojua.

Hadi hapo pande zote zinakubaliana, hata mhadhiri anayechukia simu, kwa sababu naye akipita kwenye meza ya maiti na kuuliza "hii ni nini?" anafanya kazi ya kadi. Ubishi unaanzia kwenye nani aandike swali.

Hoja ya wanaoazima

Seti zinazoazimwa si kazi ya ovyo. AnKing, inayojulikana kuliko zote, ina makumi ya maelfu ya kadi zilizopangwa kwa ajili ya mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, na imepitiwa na kurekebishwa na watumiaji wengi kwa miaka. Picha zimechaguliwa kwa uangalifu. Makosa ya wazi yameshaonwa na macho mengi. Mwanafunzi anaanza kujiuliza siku hiyohiyo badala ya kukesha akikata picha na kupanga rangi. Kwa wale ambao kutengeneza kadi hugeuka kuwa starehe ya kukwepa kusoma, na wapo wengi, kuazima ni dawa.

Udhaifu wake una vyanzo vitatu. Cha kwanza ni mtaala. Seti iliyotengenezwa kwa mtihani wa nchi nyingine hubeba vipaumbele vya mtihani huo. Mada ambayo mhadhiri wako ameifundisha kwa wiki mbili inaweza kuwa na kadi tano, na ambayo hakuigusa ikawa na mia. Cha pili ni mpangilio. Kadi nyingi ziliandikwa na mtu aliyekwisha kuisoma mada, kwa hiyo humkumbusha yeye alichokielewa. Asiyeisoma hupokea vipande visivyo na kamba ya kuviunganisha. Anaanza kukariri umbo la sentensi, na baada ya siku kumi anajibu kwa sababu ameitambua kadi, neva yenyewe haijui. Cha tatu ni uzito wa faili. Seti yenye picha nyingi hula bando, na simu yenye nafasi ndogo huanza kugoma.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Katika suala la kadi methali hiyo ni kweli nusu tu: inasitiri vizuri mahali ambapo miili yote inafanana, na jina la mfupa ni mahali pa namna hiyo.

Hoja ya wanaotengeneza

Wanaotengeneza wana utafiti wa kuwaunga mkono. Mwaka 1978 Norman Slamecka na Peter Graf walionyesha kwamba neno ambalo mtu amelizalisha mwenyewe hukumbukwa kuliko alilolisoma tu. Hivi karibuni zaidi, Steven Pan na wenzake walilinganisha kadi za kidijitali za kujitengenezea na zilizotengenezwa na wengine katika majaribio sita, na katika mengi kati yake waliojitengenezea waliibuka mbele. Sababu haina miujiza. Ili uandike swali lazima uamue kipi ni muhimu, ukitenge na kisicho muhimu, na ukiseme kwa maneno yako. Kazi hiyo ndiyo kujifunza kwenyewe. Kadi ni risiti yake.

Kuna faida nyingine ambayo kwa msomaji wa Kiswahili ni kubwa kuliko zote. Chukua neno "mkono". Kwa Kiswahili mkono huanzia begani na kuishia kwenye vidole. Kitabu cha anatomia hugawa eneo hilo vipande: toka bega hadi kiwiko kina jina lake, toka kiwiko hadi kifundo jina lake, na kiganja na vidole jina lake. "Mguu" nao ni vilevile: sisi tunahesabu paja, goti, muundi na unyayo kwa jina moja, wakati kitabu huliweka jina hilo kati ya goti na kifundo peke yake. Neno "mshipa" ni gumu zaidi. Mgonjwa anaweza kulitumia kwa mshipa wa damu, kwa neva, na wengine kwa ngiri. Daktari asiyelijua hilo atasikia "mshipa unaniuma" na kuandika kitu kingine kabisa kwenye faili. Hakuna seti ya Marekani itakayouliza: "Mgonjwa anasema mkono umekufa ganzi. Utamwuliza nini kwanza ili ujue ni neva ipi?" Kadi hiyo itaandikwa na mwanafunzi wa Mwanza au Mombasa, au haitaandikwa.

Gharama yake ni muda, na inauma. Tuseme mada ya mkono imezaa kadi 600 na kila moja imechukua dakika 2. Hizo ni saa 20. Tatizo la pili la watengenezaji ni kuingiza makosa yao wenyewe kwenye kumbukumbu: ukiandika jibu baya, programu itakurudishia jibu hilo baya kwa nidhamu kubwa hadi likukae. La tatu ni ulafi. Aliyeanza kutengeneza hushawishika kukigeuza kila kijisentensi cha kitini kuwa kadi, na mwisho anakuwa amehamisha kitini chote kwenye simu bila kuchagua chochote.

Hoja ya wasiotaka kadi

Upande wa mhadhiri hauwezi kupuuzwa kama ukaidi wa wazee. Anatomia ni elimu ya mahali: nini kiko nyuma ya nini, nini kinapita chini ya nini, ukikata hapa utakutana na nini. Kadi ni bapa na mwili una kina. Picha ya kadi huwa moja, miili hutofautiana. Kuna watu ambao msuli mwembamba wa kigasha uitwao palmarisi longasi haumo kabisa, na wana afya njema. Aliyekariri picha moja atatafuta kisichokuwepo. Pia kadi huvunja habari vipande vidogo, na mgonjwa haji akiwa vipande.

Hata hivyo hoja hii inapungukiwa mahali pamoja. Saa za maabara ya maiti ni chache, meza moja huzungukwa na wengi, na maabara nyingi haziruhusu simu kupiga picha, kwa sababu nzuri ya heshima kwa marehemu. Ulichokiona Jumatatu kitaanza kufifia Jumanne. Meza hukupa umbo, lakini haikukumbushi baada ya siku 15. Kwa hiyo kadi na meza havigombanii kazi moja. Anayechora kwa penseli alichokiona mezani, akakipiga picha kile kichoro chake na kukifanya kadi, ameunganisha vyote viwili bila kuvunja sheria ya maabara.

Mgeni mpya: akili mnemba

Siku hizi mwanafunzi anaweza kuipa akili mnemba kitini cha kurasa 30 na kupewa kadi 200 kabla chai haijapoa. Inaonekana kama suluhisho: kadi zinafuata mtaala wako, na muda haukutumika. Ukizitazama vizuri, umepata kasoro za pande zote mbili. Hukuchagua wala kuzisema mwenyewe, kwa hiyo faida ya kutengeneza haipo. Hazijapitiwa na macho mengi, kwa hiyo faida ya kuazima haipo pia. Katika anatomia, ambako neva mbili hutofautiana kwa herufi chache na kwa upande mmoja wa mfupa, kosa dogo lililoandikwa kwa sentensi iliyonyooka ni hatari kuliko kosa la wazi. Chombo hicho kinafaa zaidi kikiulizwa swali la kukupinga baada ya wewe kuandika kadi yako.

Mizani ya muda

Watu hupiga hesabu ya kutengeneza na kusahau hesabu ya kurudia. Mwongozo wa Anki wenyewe hukadiria kwamba anayeingiza kadi mpya 20 kila siku atafika kwenye marudio kama 200 kwa siku. Kwa sekunde 8 kila kadi, hizo ni kama dakika 27. Deni hilo hulipwa na mwazimaji na mtengenezaji sawasawa. Ukiruka siku tano, kadi 1,000 zinakungoja mlangoni, na hapo ndipo wengi hufuta programu. Zima moto ya wiki ya mtihani haiwezi kuliokoa jambo ambalo asili yake ni bandu bandu.

Zile kadi 600 za mkono, kwa 20 kila siku, ni mwezi mmoja. Saa 20 za kuzitengeneza zikigawanywa kwa siku 30 ni dakika 40 kila siku, juu ya zile 27. Kwa mwanafunzi mwenye fiziolojia na biokemia za kusoma, hizo ni nyingi. Lakini akitengeneza robo tu, yaani kadi 150, gharama inashuka hadi dakika 10 kwa siku. Hapo swali linageuka: ni robo ipi inayostahili mkono wake mwenyewe?

Utafiti wa mwaka 2015 wa Francis Deng na wenzake, uliofanywa kwa wanafunzi wa udaktari wa chuo kimoja cha Marekani, unaongeza tahadhari nyingine. Kila kadi 1,700 za Anki alizozipitia mwanafunzi ziliambatana na ongezeko la alama 1 katika mtihani wa leseni. Ongezeko hilohilo la alama 1 liliambatana na maswali 445 tu ya mtindo wa mtihani. Kuambatana si kusababisha, na swali refu la mtihani hula muda mwingi kuliko kadi. Bado ujumbe wake unaeleweka: kadi ni msingi wa nyumba, na hakuna anayehamia kwenye msingi.

Kadi moja kwa karibu

Tofauti ya robo ile huonekana vizuri kwenye neva ya radiali, inayoteremka nyuma ya mfupa wa humerasi, kati ya bega na kiwiko. Mwanafunzi anayeanza huandika: "Eleza neva ya radiali." Jibu lina mistari minane. Siku ya marudio anakumbuka mistari mitano na hajui ajipe alama ya kupata au ya kukosa. Woźniak, katika kanuni zake 20 za kuandika kadi za mwaka 1999, alitaka kinyume chake: usikariri usichokielewa, na kila kadi ibebe jambo moja dogo kabisa.

Neva hiyohiyo ikivunjwa kwa uelewa huzaa kadi za namna hii. "Mtu amevunjika humerasi katikati, hawezi kuinua kiganja, kifundo kinaning'inia: neva ipi imeumia?" Jibu: radiali. "Kwa nini hiyo na si nyingine?" Kwa sababu mahali hapo inapita ikiwa imelala juu ya mfupa, kwenye mfereji wa nyuma. "Mbona kiwiko bado anaweza kukinyoosha?" Kwa sababu matawi mengi yanayokwenda kwenye msuli wa trisepsi hutoka juu ya mahali palipovunjika. Kadi hizo tatu zimebeba ramani ya neva nzima, na ya tatu haiwezi kuandikwa na asiyeielewa ya pili.

Linganisha na mifupa 8 ya kitako cha kiganja. Hapo hakuna "kwa nini". Kuna picha na majina. Tangu mwaka 2023 Anki ina uwezo wa ndani wa kufunika sehemu za picha: unaweka picha moja, unachora visanduku 8 juu ya majina, na unapata kadi 8 kwa dakika mbili tatu. Picha zisizo na mgogoro wa hakimiliki zipo, kama zile za toleo la Marekani la mwaka 1918 la kitabu cha Henry Gray kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1858. Kadi za namna hii ukiazima hupotezi kitu kikubwa, na ukitengeneza hutumii muda mwingi.

Muhtasari

Tukiziweka pande zote mezani, mgogoro unapungua sana. Kadi za majina, zile za "huu ni mfupa gani", ni mali ya wote. Ziazimwe, au zitengenezwe kwa kufunika picha. Kadi za uhusiano, zile za "kwa nini" na "kukitokea hivi itakuwaje", ziandikwe na msomaji mwenyewe baada ya kuelewa, kwa sababu kuziandika ndiko kunakomfundisha. Kadi za mgonjwa, zinazochukua maneno ganzi, mshipa na mkono kwa maana wanayoyapa watu wa huku, hazina pa kuazimwa.

Mhadhiri abaki na haki yake kuhusu kina na tofauti za miili: kadi ifuate meza, isiitangulie. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu abaki na haki yake kuhusu saa 20. Na yule aliyeita kadi za kuazima desa abaki na haki yake kuhusu kukariri bila kuelewa, mradi akumbuke kwamba desa linaweza kuandikwa hata kwa mkono wako mwenyewe. Kabla ya kuhifadhi kadi yoyote, ya kuazima au ya kutengeneza, jiulize kama ungeweza kumweleza mwenzako jibu lake bila kuitazama. Kama huwezi, rudi kitabuni au kwenye meza kwanza. Programu itakukumbusha ulichoweka ndani yake. Kukielewa hakumo kwenye orodha ya kazi zake.